Ngozi haikuwa chafu: kisa cha binti, dodoki na soriasisi

Alinikabidhi daftari kabla hata salamu haijaisha. Daftari la shule, jalada limechakaa, lile ambalo wagonjwa wengi wa kwetu hutembea nalo kutoka zahanati hadi zahanati. Ndani mlikuwa na kurasa saba zilizoandikwa na watu tofauti kwa kalamu tofauti, na kila ukurasa ulikuwa na jina lake la ugonjwa: fangasi, choa, mba, aleji, upele, fangasi tena, na wa mwisho aliandika tu "ngozi" akapiga mstari.

Ilikuwa Februari. Anayeijua Tanga anajua joto la Februari, na binti huyu wa miaka 16 alikuwa amevaa sweta la shule la mikono mirefu, limefungwa vifungo hadi shingoni, na mtandio umefunika paji lote la uso. Mama yake alikaa pembeni na mfuko wa plastiki uliojaa tyubu za krimu zilizokwisha kukamuliwa. "Dada, tumemaliza maduka yote ya dawa," akaniambia. "Na shule wamemrudisha. Wamesema asirudi mpaka apone."

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya ngozi ya hospitali moja mkoani. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake, nimebadilisha mambo machache asitambulike, na jina lake halimo. Nimekaa na kisa hiki kwa sababu kila aliyemgusa binti huyu alimpenda au alikuwa na nia njema naye, na karibu kila mmoja alimzidishia ugonjwa kwa njia ile ile moja: kwa kumsugua.

Yote yalianza akiwa darasa la saba, na mafindofindo. Koo lilimuuma, akapata homa siku nne, akapewa dawa ya maumivu, akapona. Baada ya wiki mbili au tatu, tumboni na mgongoni vikatoka vipele vidogo vingi, kila kimoja kama tone la maji, na juu yake unga mweupe. Aliyemwona wakati ule akasema tetekuwanga, kisha akasema aleji. Mama anakumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa karibu na mtihani wa mwisho.

Hiyo ni sura moja ya soriasisi (psoriasis), ugonjwa sugu wa ngozi, na sura hiyo huwapata sana watoto na vijana. Bakteria aina ya streptokoka wanaoleta mafindofindo huiamsha kinga ya mwili, na kwa mtu aliyezaliwa na mwelekeo huo, kinga ile haitulii upesi. Inaigeukia ngozi. Kwa wengine matone yale hufifia yasirudi. Kwa wengine huwa ndiyo bisho la hodi: miezi michache baadaye huja mabaka makubwa viwikoni, magotini, kichwani na chini ya mgongo, na hayo hukaa. Kwa binti huyu yalikuja yakakaa. Alipoingia kidato cha kwanza, viwiko vyote viwili vilikuwa na mabaka mazito kama gome, yenye magamba ya rangi ya fedha, na kichwani ukoko ulikuwa umeshuka hadi nyuma ya masikio.

Hapa ndipo dodoki lilipoingia.

Mama yake alinisimulia bila kuficha kitu, naye alikuwa analia. Kila jioni alimkalisha binti yake kwenye kigoda bafuni, akamwagia maji ya moto yaliyochemshwa na mwarobaini, akachukua dodoki kavu na sabuni ya kufulia ya mche, akasugua. Dodoki lilipokuwa halitoshi alichukua jiwe la kusugulia magaga. Magamba yalitoka. Yalitoka mengi, yakaelea kwenye beseni, na chini yake ngozi ikawa laini na safi kwa dakika moja, halafu vikachomoza vidoti vya damu, vidogo kama ncha ya sindano, vingi. Mama akaona damu ile ni uchafu wa ndani unatoka. Akapaka ndimu. Binti akauma kanga asipige kelele.

Vidoti vile vya damu ni mojawapo ya alama tunazozitafuta kliniki. Katika soriasisi mishipa midogo ya damu hupanda juu sana, karibu na uso wa ngozi, na tabaka la kuifunika huwa jembamba. Ukibandua gamba unakuwa umekata vichwa vya mishipa hiyo. Kwa maneno mengine, kila jioni bafuni mle mama alikuwa akiuona uthibitisho wa ugonjwa wenyewe, na hakukuwa na mtu wa kumwambia anaona nini.

Jambo la pili ni baya zaidi. Ngozi ya kawaida hujijenga upya kwa takribani siku 28: seli huzaliwa chini, hupanda polepole, hufika juu zikiwa zimekufa, hubanduka bila sisi kuona. Kwa mwenye soriasisi safari hiyo huchukua siku tatu hadi saba. Kinga ya mwili imepata habari ya uongo kwamba ngozi imeumia, nayo inaagiza ngozi mpya kwa haraka, ngozi inafika juu haijakomaa, inarundikana. Sasa fikiria unaichukua ngozi hiyo inayodhani imejeruhiwa, unaijeruhi kweli. Karne ya 19 daktari Mjerumani Heinrich Köbner aliligundua jambo ambalo hadi leo lina jina lake: kwa wagonjwa wa soriasisi, mchubuko unaweza kuzaa baka jipya mahali pale pale, mara nyingi baada ya siku kumi hadi ishirini. Wembe, chanjo, mkanda unaobana, kuungua, kujikuna. Dodoki.

Nilimwomba binti aninyooshee mikono. Kuanzia kiwiko kushuka hadi karibu na kifundo kulikuwa na mistari ya mabaka, imenyooka, sambamba. Ugonjwa wenyewe hauchori mistari. Ile ilikuwa mistari ya jiwe.

Kwa nini mama hakuacha, ilhali alikuwa anaona hali inazidi? Hapa kuna jambo ambalo nililielewa siku nyingine kabisa, nikiwa nyumbani naanika nguo. Shule ya binti ilikuwa ya bweni, kule juu kwenye milima ya Usambara. Juni na Julai kule kuna baridi, mawingu, wanafunzi wamejifunika kuanzia asubuhi hadi usiku. Baridi na ukosefu wa jua ni adui wa mwenye soriasisi. Kila muhula binti alirudi nyumbani akiwa amezidiwa. Akakaa pwani wiki nne, hewa yenye unyevu, jua la uani, mafuta ya nazi, usingizi wa kutosha, hana anayemcheka, na mabaka yakapungua. Mama alikuwa akimsugua wiki hizo hizo. Mtu yeyote angehitimisha alivyohitimisha yeye: dodoki linafanya kazi. Kumbe pwani ilikuwa inaponya na dodoki linaharibu, na pwani ilikuwa na nguvu zaidi.

Shuleni walikuwa na wembe badala ya dodoki. Kanuni ilikuwa nywele fupi kabisa, na Jumapili wasichana walinyoana wao kwa wao nyuma ya bweni. Kichwa cha binti huyu hakikuweza kunyolewa bila kutoka damu, na kila kilipotoka damu ukoko uliofuata ulikuwa mnene zaidi. Wenzake wakakataa wembe wao utumike kwake. Sikuwalaumu kwa hilo, wembe mmoja haufai kupita vichwa viwili hata vikiwa vizima. Lakini hawakuishia kwenye wembe. Asubuhi akitandika kitanda, unga mweupe ulidondoka kwa aliyelala chini yake kwenye kitanda cha ghorofa. Wakamwita Nyoka, kwa kuwa anajivua gamba. Matroni akamtengea ndoo yake, beseni lake na kona yake. Mmoja akaleta habari kwamba huo ni ukoma unaoanza, na kuanzia hapo hata kikombe chake kiliwekwa peke yake.

Binti alinipa mfano mmoja ambao sijausahau. Ni Mwislamu, na shuleni kulikuwa na bomba moja la kutilia udhu. Ukitia udhu unakunja mikono mpaka viwikoni, kwa hiyo kile kiungo ambacho kila Mwislamu anakifunua mbele za wenzake mara tano kwa siku ndicho hasa ugonjwa huu hupenda kukaa. Alianza kuamka saa tisa usiku, peke yake, baridi ya Usambara, atie udhu kabla wenzake hawajaamka. Adhuhuri na alasiri alijifanya yuko katika siku zake. Mwishowe wakamwuliza mbona siku zako haziishi.

Dawa za dukani nitazieleza kwa kifupi, kwa sababu msomaji mwenye ugonjwa wa ngozi anaijua njia hiyo kuliko mimi. Krimu za fangasi zilitumika miezi. Vidonge vya griseofulvini vilitumika wiki sita. Krimu ya mchanganyiko, ile yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na ya steroidi (ya kutuliza uvimbe na mwasho) ndani ya tyubu moja, ilileta nafuu wiki ya kwanza na ikaacha ngozi ya kwapani imekuwa nyembamba na yenye michirizi. Shangazi mmoja alileta mkorogo, akiamini kwamba weusi ulioachwa na mabaka ndio ugonjwa. Mganga wa mtaani, na hapa nataka niwe mkweli, ndiye pekee aliyewaambia waache kusugua; aliwapa mafuta ya nyonyo wapake. Mafuta hayo hayakumdhuru.

Kilichomdhuru kuliko vyote kilikuwa vidonge vidogo vyeupe alivyouziwa bila cheti katika duka moja: prednisoloni, steroidi ya kumeza. Kwa siku kumi alipona. Mama alichinja kuku. Binti alivaa gauni la mikono mifupi akaenda baharini na ndugu zake. Vidonge vilipokwisha, ndani ya wiki mbili ugonjwa ulirudi na kuenea mwili mzima, mgongo, mapaja, hata kitovuni. Ni hatari inayojulikana: steroidi za kumeza huuzima moto wa soriasisi, ukiziacha moto unalipuka, na kwa wengine hulipuka kwa namna ya usaha au ngozi yote kuwaka nyekundu na kubambuka, hali inayohitaji kulazwa. Kuna dawa nyingine zinazoweza kuuchochea ugonjwa huu pia, zikiwemo klorokwini, lithiamu na baadhi ya dawa za presha, ndiyo maana kliniki tunauliza kila kidonge mtu alichomeza.

Siku ile ya Februari uchunguzi wenyewe haukuchukua muda mrefu. Tabibu wetu wa ngozi ni mmoja wa waliosoma Moshi, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, ambacho kimewafundisha matabibu wengi wanaoshika kliniki za mikoani ambako daktari bingwa wa ngozi hayupo. Alikwangua gamba kidogo, akaliweka kwenye kioo na dawa ya potasiamu, akatazama kwa hadubini: hakuna fangasi. Akatazama kucha. Kwenye kucha za vidole vya mikono kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama mtu amezichoma kwa ncha ya pini. Fangasi hazichimbi vishimo vile. Akatazama kitovu, nyuma ya masikio, chini ya mgongo. Akamwuliza kuhusu koo, darasa la saba.

Nataka niseme neno kuhusu rangi, kwa sababu naamini ndiyo iliyowapoteza wale saba wa kwenye daftari. Vitabu vingi husema soriasisi ni baka jekundu. Kwenye ngozi nyeusi uwekundu hauonekani hivyo. Baka huwa la zambarau, la kahawia iliyoiva, pengine la kijivu kwa sababu ya magamba. Likipona huacha doa jeusi au jeupe linaloweza kukaa miezi. Aliyefundishwa kutafuta wekundu atalipita baka hili kila siku. Na mgonjwa asipoambiwa kuhusu lile doa linalobaki, atadhani dawa imeshindwa wakati imeshinda, atarudi kwenye mkorogo.

Tulimpima pia VVU, kwa ushauri nasaha na kwa ridhaa, mama akiwepo. Mama alishtuka. Nilimweleza kwamba soriasisi inayoibuka ghafla na kwa ukali, mwili mzima, inaweza kuwa njia mojawapo VVU inavyojionyesha, na kwamba kupima ni sehemu ya kumtunza. Majibu yalikuwa hasi. Mama alipumua kwa sauti, nikatambua kwamba hofu hiyo alikuwa nayo miaka mitatu na hakuwahi kuisema.

Kisha tabibu akaandika jina kwenye ukurasa wa nane wa daftari, kwa herufi kubwa: SORIASISI. Binti alilisoma mara mbili. Swali lake la kwanza halikuwa kama litapona. Aliuliza, "Kwa hiyo siyo uchafu?"

Nilimjibu kwamba siyo uchafu, haiambukizi, haijaletwa na mtu, na kwamba haina dawa ya kuimaliza kabisa ila inatulizwa hata mtu akakaa miezi, pengine miaka, ngozi safi. Nikamwambia theluthi moja hivi ya wenye ugonjwa huu huanza kabla ya miaka 20. Mama akasema, "Kwetu hakuna mtu mwenye hiki." Tulimwacha na jibu hilo. Miezi minne baadaye alikuja kliniki baba mdogo wa binti, mvuvi, mtu mzima wa makamo, akafunga mlango, akavua kofia. Ukoko wa kichwani alikuwa nao tangu ujana. Viwiko vilikuwa na alama hafifu tu, kwa kuwa mwili wake umeshinda juani na kwenye maji ya chumvi miaka yote. Hakuwahi kumwambia mtu. Kofia ile, familia nzima ilidhani ni ya uchaji.

Matibabu ya mwanzo yalikuwa ya kupaka, na sehemu ngumu ilikuwa kumfundisha mama kazi mpya ya mikono yake. Sikutaka kumnyang'anya mama kazi ya kumwogesha mwanawe. Nilitaka aifanye kwa namna nyingine. Nilichukua beseni pale pale kliniki nikamwonyesha. Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Mkono mtupu, sabuni laini kidogo, basi. Futa kwa kugonga-gonga na kanga kuukuu iliyolainika, usivute. Ngozi ingali na unyevu, paka mafuta ya mgando au ya nazi, mengi. Magamba mazito ya kiwikoni yanalainishwa kwa marhamu yenye asidi ya salisiliki, yatoke yenyewe. Baadaye betamethasoni, steroidi ya kupaka, juu ya baka tu, kwa wiki chache, si usoni wala kwapani, kisha kupunguza. Kichwani mafuta ya nazi usiku, kufunga kitambaa, asubuhi kuosha kwa shampuu ya dawa yenye lami. Ya lami inanuka, nikamwambia mapema, kwa sababu harufu ambayo hukuonywa inakufanya uiache dawa.

Na jua. Nchi zenye vifaa hutibu soriasisi kwa taa za miale ya urujuanimno, ile miale isiyoonekana iliyomo pia katika jua. Sisi hatuna taa hizo mkoani, ila tuna uani wenye ukuta mrefu. Dakika kumi asubuhi, viwiko na magoti wazi, kuongeza kidogo kidogo, asiungue, maana kuungua nako ni jeraha. Salisiliki isipakwe kabla ya jua kwa sababu huizuia miale. Binti alikaa kimya kidogo akasema, "Miaka mitatu jua halijanigusa viwiko." Alikuwa anaikimbia dawa ya bure.

Kuhusu shule tuliandika barua. Niliiandika mara tatu, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya hasira. Iliyokwenda ilisema kwamba Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, ambamo nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) huketi, ulipitisha azimio linaloitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu usioambukiza. Kwamba mwanafunzi hawezi kusubiri kupona ndipo arudi, kwani ugonjwa huu hauna siku ya kupona. Kwamba ndoo, kikombe na kitanda vinaweza kutumiwa na yeyote. Na kwamba nywele zake zikatwe kwa mkasi, zibaki urefu wa nusu kidole, wembe usimguse. Mkuu wa shule alipiga simu mwenyewe. Aliuliza maswali mengi, yote ya maana, na la mwisho lilikuwa, "Kwa hiyo sisi ndio tulikuwa tunamuumiza?" Binti akarudi darasani Machi. Matroni alimrudisha kwenye safu ya vitanda. Jina la Nyoka lilidumu muhula mmoja zaidi.

Nasi tulikosea, na nitalisema. Ziara mbili za kwanza tulipima mabaka, tukahesabu asilimia ya mwili, tukafurahi kwamba viwiko vinalainika. Hatukumwuliza analalaje wala anakulaje. Ziara ya tatu nilimwuliza kwa bahati tu, nikitafuta cha kuzungumza wakati tabibu ameitwa wodini. Akaniambia kwamba muhula uliopita, kabla hajarudishwa nyumbani, kuna usiku alikaa ukingoni mwa kisima cha shule muda mrefu. Alilisema kama mtu anayesema jana nilikwenda sokoni. Siku hiyo hatukuandika dawa yoyote ya ngozi. Tulimtafutia mshauri, tukazungumza na mama, na tangu hapo kwangu swali la moyo linatangulia swali la ngozi kwa kila kijana anayeingia mlangoni. Msongo wa mawazo wenyewe huichochea soriasisi, lakini hata usingeichochea, swali lingestahili kuja kwanza.

Alipofika miaka 19 ugonjwa ulipanda tena, mgongo na mapaja, kupaka hakukutosha. Tulimwanzishia methotrekseti, vidonge vya kutuliza kinga ya mwili. Hii ni dawa nzuri, ya bei inayofikika, na inaweza kuua ikitumiwa kimakosa: humezwa mara moja kwa wiki. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Inahitaji vipimo vya damu na ini kabla na kila baada ya muda, asidi ya foliki pamoja nayo, na pombe haitakiwi. Humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo kwa msichana mazungumzo ya uzazi wa mpango hayakwepeki, hata kama yanatutia haya sote chumbani. Tulichagua Ijumaa kwa sababu hawezi kuisahau Ijumaa. Mara moja, katika duka moja la dawa, mpakiaji aliandika kwenye bahasha 1x1, yaani kila siku. Binti aliirudisha dirishani: "Samahani kaka, hii ni Ijumaa peke yake." Kaka akabisha. Akatoa daftari lake, akafungua ukurasa. Sijui kama anajua kwamba siku ile alijiokoa mwenyewe, nilimwambia, akacheka.

Zipo dawa za sindano za kizazi kipya, kina adalimumabu na sekukinumabu, zinazoigusa sehemu ile hasa ya kinga iliyopotoka, na kwingineko vijana wengi wanaishi ngozi safi kwa ajili yake. Kabla ya kuzianza lazima kifua kikuu kitafutwe. Kwa familia ya mama muuza vitumbua, bei yake kwa sasa ni ya kusikia tu, na hilo linaniuma kila ninapolieleza.

Mwaka jana kulikuwa na harusi kwao. Bibi harusi ni binamu yake, na siku mbili kabla, wasichana wote wa nyumba walikaa mkekani kupakwa singo: liwa, maua, viungo vilivyotwangwa, marashi, vyote vinasuguliwa mwilini mpaka ngozi ing'ae. Alinisimulia mwenyewe. Shangazi, yule wa mkorogo, alipomfikia na kiganja kimejaa singo, alimwambia, "Mimi nipake mafuta tu, shangazi, usisugue." Nyumba ikanyamaza. Mama yake akainuka jikoni, akaja na chupa ya mafuta ya nazi, akamimina kidogo kiganjani mwa shangazi, akamshika mkono na kumwonyesha: hivi, taratibu, kuelekea chini.

Alikuja kliniki juzi kuchukua dawa. Viwiko vina baka moja kila upande, la ukubwa wa sarafu. Mgongo safi, madoa yanafifia. Kwa baadhi ya wagonjwa, hata theluthi moja katika baadhi ya kliniki, ugonjwa huu huingia kwenye viungo, vidole huvimba, asubuhi vinakataa kukunjika, na usiposhughulikiwa mapema viungo huharibika visirudi. Kwa hiyo kila ziara namkagua mikono. Kabla sijasema neno, alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi na kuweka vidole vyote kumi mezani.